Nilitubu Uvivu, Kumbe Pingili Ilikuwa Imebonyea

Ndugu zangu katika Kristo, wa Mbeya na wa Iringa, jina la Bwana liinuliwe. Naanza na ndoo, kwa sababu wengi mmeshasikia habari ya ndoo, na mliyoisikia siyo yote.

Ni kweli niliimwaga. Ilikuwa ndoo kubwa, imejaa hadi mdomoni, imewekwa katikati ya sebule ya mama mkwe wangu siku ya ibada ya akina mama. Waliiweka juu ya stuli ili nisiiname sana. Huo ndio ulikuwa upole wao. Mama Eliza, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, alikuwa ametoka kuniombea. Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kutembea, akasema, “Haya mwali wetu, beba tumshangilie Yesu.”

Akina mama wakaanza kupiga makofi polepole, yale ya kungojea. Mwanangu Subilaga alikuwa amepakatwa na bibi yake, ananitazama. Na mimi mguu wa kushoto nilikuwa siusikii kuanzia gotini, nimeshika fremu ya mlango ili nisianguke mbele za watu.

Nikaona kwamba hawa watu watanishangilia mpaka nilemae. Nikanyoosha mkono nikaisukuma ile ndoo. Maji yakaenda kwenye mkeka, kwenye Biblia, kwenye vitenge vya watu. Nikasema, “Kama Mungu anataka ndoo, abebe mwenyewe.”

Neno hilo nimelitubu, ndugu zangu. Maji sijayatubu mpaka leo.

Sasa niwarudishe nyuma, ili mjue mtu anafikaje hapo.

Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nimemaliza kidato cha nne, nikauza nguo za mitumba Mwanjelwa pamoja na mama mdogo wangu, mpaka nilipoolewa na kijana wa Kihehe, nikahamia kijijini kwao, mkoa wa Iringa. Mume wangu ni dereva wa mashine za kuvuna mpunga Madibira. Anakuja nyumbani kwa misimu. Kwa hiyo mtu niliyeishi naye hasa ni mama yake. Nilimheshimu. Nilijifunza kumwamkia “kamwene” na kuipokea “kamwene” yake kwa magoti. Alinitania kwamba sisi Wanyakyusa tunajua kula ndizi, jembe tunalisikia redioni. Nilicheka, lakini moyoni nikasema, utaona. Nikalima kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Nasema hili si kwa kujisifu, nasema ili mjue kwamba uvivu sikwenda nao.

Nilipokuwa na mimba, miezi ya mwisho mgongo uliniuma sana. Kila mtu akasema ndiyo mimba. Nikajifungua salama. Subilaga akiwa bado mdogo, hajaweza kukaa, siku moja nilinyanyua beseni la nguo mbichi. Nikasikia mlio ndani yangu, kama bua kavu la mahindi limekanyagwa. Pumzi ikakatika. Beseni nikaliachia, nguo zote zikarudi kwenye matope, na nakumbuka nilichofikiria kwanza ni kwamba nitafua upya.

Zahanati walinipa sindano na vidonge vya maumivu. Nililala, nikaugulia. Halafu, baada ya wiki kadhaa, maumivu yakaisha.

Hapa ndipo mtego ulipokuwa, na sitamsingizia shetani. Nilipona kabisa, au niseme nilijiona nimepona. Nikarudi kuchota maji, nikapalilia maharage mtoto akiwa mgongoni, nikasonga ugali wa watu wa msiba. Kwa hiyo maumivu yaliporudi, hakuna aliyeyaunganisha na lile beseni. Hata mimi.

Yalirudi kwa namna ya ajabu. Kunyanyuka kitandani ilikuwa kisu. Kusimama jikoni mpaka ugali uive, siwezi. Lakini nikijilaza chali, maumivu yanakwisha. Siyo yanapungua, yanakwisha, kama taa imezimwa. Basi nikawa nalala mchana.

Ndugu zangu, mnajua maana ya mwanamke kulala mchana kijijini kwetu, jua limepanda, moshi hautoki jikoni, mama mkwe yuko shambani. Mama mkwe alivumilia mwanzoni. Halafu siku moja, wageni wapo, akasema kwa sauti ili nisikie kule chumbani, “Jamani, ugonjwa gani huu unaopona ukiona godoro?” Watu wakacheka. Ilikuwa kichekesho kizuri kweli. Hata mimi kama kingekuwa cha mwingine ningecheka. Kuanzia hapo jina langu bombani likawa Mama Godoro.

Aibu ilinifundisha ujinga mwingi. Nikisikia hodi, nainuka kwa kujiburuza, nashika ufagio, ili mgeni anikute nafagia. Mgeni akiondoka narudi kujilaza nikiwa nimeloa jasho kwa maumivu. Mtoto nilikuwa namnyonyesha nimelala ubavu, na nikisikia hatua za mtu namtoa titi mdomoni, nakaa, najifanya nilikuwa natandika. Mtoto analia, na mimi namlaumu mtoto kwa kulia.

Jambo jingine, sare yetu ya akina mama. Niliishonesha nikiwa mwali mpya, na pindo lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Ikaanza kufagia chini. Mama mkwe akaniambia nimeshusha sketi kwa maringo ya mjini. Nikaikunja, nikaishona upya. Hakuna aliyejiuliza, hata mimi niliyesoma baiolojia, inakuwaje mtu mzima anafupika. Na nyuma, pale mbeleko inapobana, palikuwa pameota kinundu. Nilifikiri ni kubeba mtoto.

Mume wangu alipokuja likizo akanipeleka hospitali moja ya mjini. Sitaitaja hapa, wenyewe wanajijua. Tulisubiri sana, na kwa kuwa sikuweza kukaa, nilijinyoosha kwenye benchi mpaka nikaitwa. Daktari alikuwa kijana kama mimi. Aliniuliza maswali kutoka kwenye kiti chake, akaandika eksirei. Kwenye eksirei wakanilaza chali juu ya meza. Nilikuwa na raha kabisa, nimenyooka kama rula. Wakapiga. Daktari akaishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akasema mifupa ipo, pingili moja imepungua kidogo tu, siyo kitu, huu ni uchovu wa kunyonyesha. Nile vizuri na nifanye kazi ndogondogo.

Nikamwambia, “Daktari, mimi naumia nikisimama.”

Akasema, “Dada, kila mtu anaumia akisimama sana.”

Mume wangu akacheka kwa kupata nafuu ya moyo. Hakukusudia mabaya. Mgongo wangu haukuguswa na mkono wa mtu siku ile. Tukarudi nyumbani na neno “uchovu” limeandikwa, na neno hilo likafika kijijini kabla yangu. Kabla ya picha nilikuwa mgonjwa asiyejulikana. Baada ya picha nikawa mvivu aliyethibitishwa na mashine.

Sasa nifike mahali panapoumiza kuliko mgongo.

Jumapili moja mhubiri aliita watu wanaotaka kutubu. Nikaenda mbele. Nikashika kipaza sauti nikasema nina roho ya uvivu, naomba kanisa liniombee. Ndugu zangu, sikuigiza. Nilikuwa nimefika mahali naamini. Nilijiuliza, nikilala haiumi, nikifanya kazi inauma, sasa huo kama si uvivu ni nini? Nilimtubia Mungu dhambi ambayo sikuifanya, mbele ya watu wote, na machozi yalikuwa ya kweli. Mama mkwe alilia kwa furaha. Alinikumbatia, na alikuwa hajanikumbatia tangu Subilaga azaliwe.

Wakaniombea. Nikaanguka, nikalala kwenye sakafu ya saruji chini ya mikono yao. Na maumivu yakaondoka. Wakaniuliza unajisikiaje. Nikasema nimepona. Bila shaka nilipona, si nilikuwa nimelala?

Waliponisimamisha kisu kikarudi, lakini nani angesema? Ukisema bado inauma, umeukana uponyaji. Nikakaza meno mpaka wimbo ukaisha. Ndipo Mama Eliza akasema tuone matunda ya toba, ikaletwa ndoo kutoka kwenye tangi la kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoo ya kwanza, ambayo ninyi hamkuisikia. Hiyo niliibeba. Wakanitwisha, nikatembea nayo uwanjani, vigelegele, na katikati ya vigelegele kitu kikatelemka ndani ya mgongo wangu. Nilikisikia kikikaa chini, kama mzigo unavyokaa vizuri kwenye gunia. Moto ukashuka mguu wa kushoto. Na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu nikiwa na ndoo kichwani, kwa sababu watu walikuwa wanafurahi.

Baada ya hapo mguu ukaanza kufa ganzi. Halafu mkojo. Nimesoma, najua maneno ya kulifunika jambo hili, lakini sitalifunika: mkojo ulianza kunitoka bila habari yangu. Nikawa navaa nepi za mwanangu, nazifua pamoja na zake, ili mama mkwe asijue ni za nani. Mwanamke mzima. Nilikuwa naona aibu kwa mtoto, ambaye hata kusema hajui.

Kwa hiyo ndoo ya pili ilipoletwa sebuleni, kwa sababu walisema roho ile imerudi na wenzake saba, mnajua kilichotokea.

Baada ya maji kukauka, wazee wa ukoo wakakaa kikao. Sikuitwa, nilisikia kutoka chumbani. Walikubaliana nirudishwe kwetu nikafundwe upya, na mtoto abaki. Nikampigia mume wangu simu Madibira. Nikamwambia nitaondoka, lakini naondoka na Subi. Akaniuliza, si kwa ukali, aliuliza tu: “Kwani huwa unambeba?”

Kweli, nilikuwa simbebi. Nilikuwa siwezi kumnyanyua hata kutoka mkekani. Alikuwa ameshazoea kumnyooshea mikono bibi yake, mimi akinipita.

Basi nikaondoka bila mwanangu. Mama mdogo alinitafutia usafiri kwa jamaa anayeleta vitunguu Mbeya na kigari chake, nikalala nyuma juu ya magunia kutoka Iringa mpaka Mbeya, maziwa yananichuruzika, nepi ya mtoto nimeivaa mimi. Kama kuna mtu kati yenu yuko chini, ajue kwamba huko chini mimi nimelala.

Mama mdogo ni mwanamke wa Mwanjelwa, ana sauti ya kuuzia nguo. Niliposhushwa, kabla ya salamu, akanitazama juu mpaka chini. “Wewe Atupele,” akasema, “mbona umefupika?”

Alikuwa mtu wa kwanza kulisema. Akasimama kando yangu, akapima bega kwa bega. Zamani tulikuwa sawa, tulikuwa tunaazimana magauni. Sasa bega langu lilikuwa chini ya lake. Akaipitisha mikono mgongoni, akakuta kile kinundu, akanyamaza. Mama mdogo hanyamazi. Nikaogopa.

Kesho yake akanipeleka hospitali kubwa. Tukapangiwa daktari wa mifupa, mama mmoja mfupi, mpole, mwenye haraka. Kwanza hakukaa. Alisema nitembee, akanifuata nyuma. Akaniambia nitembee kwa visigino, mguu wa kushoto ukakataa. Akaniambia nivue blauzi. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo pingili moja moja, akagonga kwa ngumi taratibu, na alipofika kwenye kinundu nilipiga kelele mpaka wa nje wakachungulia. Kumbe ndivyo mgongo unavyopimwa, unaguswa.

Akaniuliza ilianzaje. Nikamwambia habari ya beseni. Nikamwambia nilipona, nikalima, ikarudi. Aliacha kuandika. Akaniuliza, “Ukilala inapotea?”

Nikajitupia blauzi begani. Swali hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na mwisho wake naujua. Mama mdogo akanigusa, akasema mjibu daktari. Nikasema, “Inapotea, daktari. Lakini mimi siyo mvivu.”

Akanitazama. “Sijakuuliza kama ni mvivu. Nimekuuliza kama inapotea, kwa sababu hiyo ndiyo dalili yenyewe.”

Ndugu zangu, watu wengi wanaweza kutaja siku waliyofunguliwa. Mimi naweza kutaja kiti. Nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili, blauzi iko begani, na minyororo ikaanguka. Sikuwa nimepona hata kidogo, mguu ulikuwa umekufa vilevile. Lakini ile aibu ilitoka, na ilipotoka nikalia vibaya sana mpaka daktari akaniletea maji.

Akaagiza picha mbili za ubavuni. Moja nimelala chali, mto umewekwa chini ya kinundu. Nyingine nimesimama, nimeshikiliwa na mama mdogo. Akaziweka pamoja. Ile ya kulala, pingili moja ya mgongo ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo, ndani mna ufa mweusi. Ile ya kusimama, mdomo umefumba, pingili imebonyea kama kopo lililokanyagwa, na ukuta wake wa nyuma umesukumwa kwenye njia ya mishipa ya fahamu. Mfupa uleule, mtu yuleyule, saa ileile. Nikaelewa. Picha ya kwanza, ya kule mjini Iringa, haikusema uongo. Iliulizwa swali nikiwa nimelala, ikajibu kwa habari ya kulala.

Hakukimbilia kusema ni ugonjwa gani. Kwetu, alisema, mgongo ukiota kinundu cha kwanza kukitafuta ni kifua kikuu cha mifupa, na kuna saratani pia zinazokula mifupa. Akanipima damu, akanipeleka MRI ili aone mishipa imebanwa kiasi gani. Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu, na hapo pia nilionja aibu, maana wodini ukisikika unapimwa kifua kikuu watu wanasogeza vitanda. Majibu yakarudi kwamba siyo kifua kikuu wala saratani.

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Wapo wanawake wachache ambao mimba na kunyonyesha huchota nguvu ya mifupa yao mpaka inakuwa dhaifu kama ya kikongwe. Mimi ni mmoja wao. Lile beseni lilipasua pingili. Mpasuko haukuunga. Mfupa uliopasuka ukakosa damu, ukafa polepole kwa ndani, na wakati unakufa mimi nilikuwa najiona mzima, nalima. Halafu ukaanza kubonyea, wiki nyingi baada ya kuvunjika, ndiyo maana watu hawauunganishi na siku ya kwanza. Ukilala unafunguka. Ukisimama unafumba na kubana mishipa. Ukibebeshwa ndoo, je?

Nikamuuliza, ile ndoo ndiyo iliyonivunja? Akasema mfupa ulikuwa umeshavunjika, ndoo iliuharakisha. Akasema angenipata mapema, huenda mkanda wa mgongo, mapumziko na dawa vingetosha. Sasa mishipa imebanwa, mkojo umeguswa, lazima upasuaji, na usicheleweshwe. Akasema pia niache kunyonyesha. Nikacheka kicheko kibaya, kwa sababu wa kumnyonyesha sikuwa naye.

Asubuhi ya upasuaji niliomba. Sikuomba kama nilivyozoea. Nilimwambia Mungu, “Baba, leo sina dhambi ya kukuletea kuhusu mgongo huu. Nimekuletea mgongo wenyewe.” Na alikuwepo, ndugu zangu. Sijui kuwaelezea zaidi ya hapo, alikuwepo, na hakuwa amekasirika.

Waliinyanyua pingili, wakaijaza saruji ya mifupa, wakafunga vyuma juu na chini yake, wakaipa mishipa nafasi. Nilipoamka nikasikia shuka limegusa vidole vya mguu wa kushoto. Shuka tu, la hospitali, lenye kukwaruza. Nililia kwa sababu ya shuka. Mkojo ulichukua muda zaidi, lakini umerudi chini ya amri yangu. Nimevaa mkanda mgumu kuanzia kifuani mpaka kiunoni, natumia dawa ya kuimarisha mifupa, kalsiamu na vitamini, na jua la asubuhi naliota kama mjusi. Daktari hajaniahidi mambo makubwa. Amesema mifupa mingine nayo ni dhaifu na tutaichunga, na mzigo wa kichwani nisahau kwa muda mrefu.

Mama mkwe alikuja. Mama mdogo alikuwa amempigia simu, na sitaki kujua alimwambia nini kwa sauti ile. Alikuja na Subilaga mgongoni, akasimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. Nikamwambia karibu Mama. Aliingia, akavuta kiti, akaziomba zile picha mbili, akazitazama muda mrefu ingawa hakuna aliyemwelekeza pa kutazama. Akasema, “Mimi nilizaa leo, kesho nikalima. Nilikuwa naupima mwili wako kwa mwili wangu.” Halafu akaanza kufua nguo zangu kwenye beseni la wodi, zote, bila kuuliza ni za nini. Aibu yake niliiona, na yeye aliona yangu. Hatujazungumza zaidi. Si kila kitu kinahitaji kipaza sauti.

Subilaga alinipita mara mbili akimfuata bibi yake. Jioni alikuja akashika chuma cha kitanda, akasimama, akanyoosha mikono kwangu. Sikuruhusiwa kumnyanyua. Mama mkwe akamwinua, akamlaza juu ya kifua changu, juu ya bandeji na kila kitu, na nesi akajifanya hajaona.

Mume wangu naye alikuja, akaomba msamaha kwa lile neno la kwenye simu. Nimemsamehe, lakini bado nina hasira, na nimemwambia hivyo vyote viwili. Mama Eliza alinipigia akaniomba nije kikundini nishuhudie jinsi maombi yao yalivyojibiwa. Mama Eliza, ushuhuda ndio huu. Usomeni mbele ya wote, na mahali pa ndoo msiruke.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kutoka kwenye kitanda cha aibu. Mtumainini, ndugu zangu, hatawacheka. Lakini na wewe mama, dada, bibi, unayesoma hapa: kama mgongo uliuma ukapona ukarudi, kama ukilala inatulia na ukisimama inachoma, kama nguo zako zinaanza kukuvuka urefu, usikimbilie kutubu. Nenda hospitali uyaseme hayohayo kwa daktari, na kama hajakugusa mgongo, usitoke chumbani. Na mguu ukifa ganzi au mkojo ukikutoka, usingoje kesho. Mimi siyo daktari, na si kila mgongo unaouma ni kama wangu. Ila wa kwangu ulikuwa hivyo, na nilikaribia kulemaa kwa heshima.

Nilipoweza kusafiri nikarudi kwenye ile hospitali ya kwanza, nimevaa mkanda, nina picha zote tatu. Afisa wa mapokezi alinionyesha sanduku la maoni. Nikamwambia haya si maoni. Nikangoja nimesimama mpaka nikapelekwa kwa anayepokea malalamiko, nikampa barua, akaipiga mhuri mbele yangu. Nimeandika hivi:

“Mimi, Atupele, mama wa mtoto mmoja, nalalamika rasmi kuhusu huduma niliyopewa hapa. Silalamiki kwamba daktari hakuujua ugonjwa wangu. Kwa umri wangu ni wa nadra, na mimi mwenyewe sikuujua. Nalalamika kwamba mgongo wangu haukuguswa. Nalalamika kwamba nilisema naumia nikisimama, nikapigwa picha nimelala tu. Nalalamika kwamba pingili iliyoonekana imepungua iliitwa siyo kitu, na mahali pa ugonjwa pakaandikwa uchovu, na neno hilo lilinifuata mpaka kanisani.

Sitaki daktari yule afukuzwe. Nataka aitwe, aonyeshwe picha ya kulala na picha ya kusimama, zikiwa pamoja, na mimi nikiwepo. Naomba tangu sasa mgonjwa anayesema anaumia akisimama, asimamishwe.

Majibu yawe kwa maandishi. Msimpe mtu aniletee. Nitayafuata mwenyewe, kwa miguu.”